Maji katoni 40, keki hakuna

Msimu wa mahafali umefika. Darasa la saba wameshafanya mtihani, kidato cha nne wanaaga, chekechea wanapimwa majoho. Maswali ya wazazi wa kamati ni mengi, na mengi yanafanana.

*Mahafali ya chekechea tulipata katoni 40 za maji, keki hata moja. Kila mmoja alidhani mwenzake ataleta. Keki tuliyokimbilia kununua ilipwe na nani? (Mzazi, Tabata)*

Ilipwe na mfuko wa michango. Msimtafute mtu wa kumbebesha. Maji yaliyobaki wekeni kivulini, yatatumika kwenye kikao kijacho.

Sasa niwaambie kilichowaponza: neno "tutasaidiana". Kwenye kikao mlisema "akina mama wataleta keki". Mama yupi? Kazi isiyo na jina la mtu haina mwenyewe. Kazi moja, jina moja, namba ya simu moja, na msaidizi wake pembeni. Kabla hamjafunga kikao, katibu asome orodha kwa sauti na kila aliyetajwa aitikie "mimi". Asiyekuwepo asipangiwe kazi mpaka apigiwe simu akubali. Kumtaja kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku hakutoshi.

*Sufuria yangu kubwa haikurudi kutoka shuleni. Nifanyeje? (Ubungo)*

Hili nimelijibu kila mwaka, jamani. Andika jina chini ya sufuria kwa rangi kabla haijatoka nyumbani. Hiyo iliyopotea kaiulizie kwa aliyeosha vyombo.

*Nilituma mchango kwa mweka hazina wa zamani kwa bahati mbaya. Anasema alishanunulia mapambo. (Baba wa mapacha, Morogoro)*

Mpigie, mwombe risiti. Kama mapambo yapo, mchango wako umefika, mweka hazina mpya auandike kwenye daftari. Kama hayapo, arudishe mbele ya mwenyekiti. Mkibadilisha mweka hazina, ile namba ya zamani ifuteni kila mlipoiandika.

Na kwa kuwa tumegusa fedha: shule za msingi za serikali hazitozi ada, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Mtoto ambaye kwao hawakuchanga avae joho, ale, apigwe picha kama wenzake. Nimeona mtoto akiachwa nje ya mstari wa picha kwa ajili ya shilingi elfu tano. Ni ukatili.

*Pilau iliisha watoto 20 hawajala. Walikuwa 120, tulipika mchele kilo 10. Kwenye kundi wanasema mama mmoja alijaza hotpoti akapeleka kwake. (Katibu wa kamati, Mbagala)*

Ndugu katibu, kilo moja ya mchele inalisha watoto 8 hadi 10. Kilo 10, ukipakua kwa kujibana, ni watoto 100. Hao 20 walikosa tangu mchele ulipopimwa dukani. Kwa watoto 120 mlihitaji kilo 12 mpaka 15, na walimu na wageni bado hamjawahesabu.

Mmemchafua mama wa watu kwa hesabu yenu wenyewe. Mwombeni radhi, na mwombe palepale kwenye kundi mlikomsemea, si kwa kumnong'oneza getini. Siku nyingine jambo likiharibika, mpigie mhusika kwanza. Watoto wenu wanakaa dawati moja. Wakubwa wakinuniana, wanajua.

*Nilisaidia kupamba tangu alfajiri, jina langu halikusomwa. Nijitoe? (Kinondoni)*

Usijitoe, mama. Mwambie mwenyekiti leo, kwa upole, kwamba umesahauliwa.

*Nilimpa mtoto wa mwenzangu kashata za karanga, akavimba midomo. Mama yake hasemi nami. (Temeke)*

Nenda kwake nyumbani, usitume ujumbe. Karanga, mayai na maziwa vinaulizwa kwa wazazi mapema, na majina ya watoto wasioweza kuvila anakaa nayo anayepakua. Mtoto akivimba midomo au akishindwa kupumua, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Msikae mkimnywesha maziwa.