Tende za bibi yako

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kati ya 25 Desemba na 7 Januari ipi ndiyo siku aliyozaliwa Yesu, maana Mwethiopia unayefanya naye kazi ameshikilia kuwa sisi tumekosea. Nimevaa miwani nikasoma upya Mathayo na Luka. Tarehe hakuna. Hata mamajusi tunaowahesabu watatu, Mathayo hakutaja idadi yao. Pale Bethlehemu kwenyewe Krismasi huja mara tatu: yetu, ya Waorthodoksi tarehe 7, halafu ya Waarmenia tarehe 19 Januari. Na pango wanaloliheshimu ni lile lile. Desemba 2011 makasisi wa Kigiriki na wa Kiarmenia walipigana ndani ya kanisa lililojengwa juu ya pango hilo kwa mafagio, wakigombea nani afagie wapi, mpaka polisi wakaingia kuamua. Mafagio, mwanangu, mahali alipolia mtoto mchanga!

Lakini nilipofika kwenye hori ya kulia ng'ombe sikuweza kuendelea. Nilimkumbuka marehemu bibi yako, mama yangu.

Ulipozaliwa alikuja kutoka Pangani na kikanda cha tende. Unajua alivyokuwa, swala tano hazimpiti, na kuolewa kwangu kanisani alikumeza kimya kimya. Akaketi kitandani, akawa anatoa kokwa kwa kidole gumba na kunilisha moja moja. Akanisimulia kwamba katika Sura ya Maryamu ya Kurani uchungu ulimfikisha mama yake Yesu kwenye shina la mtende, akatamani heri angekufa kabla ya siku ile, akaambiwa alitikise shina zimwangukie tende mbivu. "Kula, mzazi," akaniambia. Uchungu hauna dhehebu, Rehema. Nimelisema hilo miaka yote.

Mchana wakaja akina mama wa kanisani kuniona. Mmoja akauliza, tende hizi za nini? Nikasema, si kitu, nikakisukuma kikanda uvunguni kwa mguu. Kwa mguu. Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga. Hakusema neno. Alininywesha uji, akakunja kanga zake, na jioni akaomba asindikizwe stendi.

Huwa najiambia nilikuwa mgeni katika ukoo wa baba yako, naogopa maneno. Kisha najijibu kwamba mwenye miaka ishirini na sita si mtoto. Na yule mama hakunikataza kitu, aliuliza tu. Au macho yake ndiyo yaliyonikataza? Mpaka leo sijapata jibu, na wa kumwomba radhi yuko chini ya mchanga.

Sasa ukiniuliza nani ana habari ya kweli, Luka na hori yake au Sura ya Maryamu na mtende wake, mimi Mkristo na unajua nilipoegemea. Neno liko ulimini kabisa. Nalirudisha, kwa kuwa nikilitamka namwona mama yangu pale mlangoni. Uchungu hauna dhehebu.

Huyo mwenzako mpelekee salamu zangu, na tarehe 7 mwandalie chochote, asile sikukuu yake peke yake.

Kikanda nilikitoa uvunguni siku ya tatu. Sisimizi walikuwa wamejaa. Nilizipangusa tende moja moja, nikaziosha, nikazila zote usiku ule huku unanyonya.

Mama yako