Wasomaji Wanauliza: Mazimwi ya Kale Katika Mchezo wa Kupigana

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki watatu tunaotengeneza mchezo wa video wa kupigana, bila kampuni wala mfadhili. Wapiganaji wetu ni mazimwi ya hadithi za kutisha: Dracula, kiumbe wa Frankenstein, mtu-mbwamwitu, mumia, mtu asiyeonekana na yule mtu-samaki wa filamu za zamani. Je, tunapaswa kuomba ruhusa kwa yeyote?

JIBU: Ndugu wasomaji, kwa wengi wa wapiganaji hao hamhitaji ruhusa, ilimradi mwachore jinsi walivyo vitabuni na si jinsi walivyo kwenye filamu. Mary Shelley alichapisha riwaya ya Frankenstein mwaka 1818, na mwaka 1897 zikatoka Dracula ya Bram Stoker na The Invisible Man ya H. G. Wells. Wells, aliyekuwa wa mwisho wao kufariki, alifariki mwaka 1946. Kwa hiyo riwaya hizo ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuzitumia bila ruhusa, katika nchi ambazo hulinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake, na vilevile nchini Marekani, ambako kazi za zamani za aina hiyo huhesabiwa miaka 95 tangu zilipochapishwa. Mumia na mtu-mbwamwitu wametoka katika masimulizi ya watu wengi, na hakuna anayeweza kudai kuwa ndiye aliyewabuni.

Hatari iko kwenye sura. Kichwa bapa na vyuma viwili vya shingoni, ambavyo karibu kila mtu huvikumbuka anaposikia jina la Frankenstein, havimo katika riwaya hata kidogo. Ni kazi ya msanii wa vipodozi Jack Pierce, aliyemtengenezea mwigizaji Boris Karloff sura hiyo katika filamu ya kampuni ya Universal ya mwaka 1931. Hakimiliki ya filamu hiyo nchini Marekani inahesabiwa hadi mwisho wa mwaka 2026, na alama za biashara zinaweza kuendelea kulindwa hata baada ya hakimiliki kwisha. Mtu-samaki ana shida kubwa zaidi, kwa sababu yule mnayemfikiria alizaliwa katika filamu ya mwaka 1954 na hakuna riwaya ya kale iliyo nyuma yake. Mwacheni huyo, mbuni kiumbe wenu wa majini. Kampuni ya Capcom ilifanya hivyo katika mchezo wake wa kupigana, Darkstalkers, wa mwaka 1994: mpiganaji wao Rikuo ni mtu wa majini anayetambulika mara moja, lakini mchoro na mienendo yake ni vya kwao.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona vikundi vidogo vikipoteza kazi ya miaka. Kundi moja la mashabiki lilikuwa likitengeneza mchezo wa kupigana wenye farasi wa katuni ya My Little Pony, na mwaka 2013 Hasbro, wenye haki, wakawataka waache. Walinusurika kwa sababu Lauren Faust, aliyekuwa ameongoza ubunifu wa katuni hiyo, aliwachorea wahusika wapya kabisa, na mchezo ukatoka baadaye kwa jina la Them's Fightin' Herds. Msitegemee kupata msaada wa namna hiyo. Mwonyesheni mwanasheria wa hakimiliki michoro yenu mapema, kabla hamjaweka mchezo sokoni.

SWALI: Mchezo wetu una mazimwi sita, lakini waliojaribu kuucheza wanasema ni mpiganaji mmoja aliyebadilishwa ngozi mara sita. Tufanyeje ili kila mmoja awe na mapigano yake?

JIBU: Rudini vitabuni, safari hii si kwa kuogopa sheria bali kwa kutafuta mapigo.

Chukueni kiumbe wa Frankenstein. Michezo mingi humfanya pande la mtu linalojikokota, likimkamata adui na kumbwaga chini. Kiumbe wa Mary Shelley ana urefu wa futi nane, nywele nyeusi zinazong'aa na ngozi ya manjano, huzungumza kwa ufasaha mkubwa, na hukimbia juu ya barafu ya milimani kwa kasi ambayo muumba wake hajawahi kuiona kwa binadamu. Jitu lenye mikono mirefu na kasi ni mpiganaji ambaye wachezaji hawajamzoea, na mimi ningejenga mchezo mzima kumzunguka yeye. Kasi hiyo lazima ailipie. Michezo ya kupigana kwa kawaida huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, na kila pigo lina sehemu tatu: fremu za kujiandaa, fremu ambazo pigo linaweza kugusa, na fremu za kurudi katika hali ya kawaida. Mpeni maandalizi mafupi, lakini refusheni fremu za kurudi, ili anayekosa shabaha abaki wazi na kuadhibiwa.

Dracula naye ana hazina ambayo watengenezaji wengi huipita. Katika riwaya anaanza akiwa mzee mwenye masharubu meupe, kisha anazidi kuwa kijana kadiri anavyokunywa damu. Hushuka ukuta wa ngome kichwa kikitangulia chini, na hugeuka popo, mbwamwitu au ukungu. Jua halimuui, linampunguzia uwezo tu. Wazo la mnyonya damu kuangamizwa na mwanga wa asubuhi lilienezwa na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922, ambayo ilitengenezwa bila ruhusa na kushtakiwa na mjane wa Stoker. Basi mwanzisheni akiwa dhaifu: nywele nyeupe, hatua fupi, mapigo machache. Kila anapofanikiwa kumng'ata adui, arudishiwe ujana kidogo na kufunguliwa pigo jipya. Mpinzani atalazimika kuamua kama anamshambulia mapema au anajilinda asing'atwe, na uamuzi huo utabadilika raundi hadi raundi.

Mtu asiyeonekana ndiye mgumu kuliko wote, na nadhani ndiye atakayeonyesha kama mnaifahamu kazi yenu. Hadithi ya kutisha huishi kwa kuficha, ilhali mchezo wa kupigana huishi kwa kuonyesha. Binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde, yaani fremu 15 hivi, kuona jambo na kulijibu kwa kidole. Pigo lisiloonekana kabisa halimpi hata nafasi hiyo, na mchezaji aliyepigwa hivyo ataona ameonewa. Wells mwenyewe amewapa suluhisho. Katika riwaya yake nguo anazovaa mtu huyo hubaki zikionekana, kwa hiyo hulazimika kuwa uchi ili asionekane, akiteseka kwa baridi, na nyayo zake humsaliti anapokanyaga theluji au matope. Aanze na koti na bendeji, akiwa na kinga ya kawaida. Mchezaji akiamua kuvua, mwili upotee, lakini nyayo na vumbi viendelee kuonekana, na kila pigo litakalompata limuumize zaidi. Sauti ya pumzi kabla ya shambulio itamsaidia mpinzani makini kuliko alama yoyote ya kumetameta.

Mtu-mbwamwitu na mumia ni wepesi zaidi. Angalizo langu ni moja tu: mabadiliko ya mbwamwitu yasitokee kwa bahati nasibu. Mchezaji ayajenge mwenyewe kwa mashambulizi yake, na mpinzani aone jinsi yanavyokaribia.

SWALI: Tukicheza chumba kimoja mambo ni mazuri, lakini kupitia intaneti mchezo unakwama na vitufe vinachelewa. Je, tatizo ni mtandao wetu?

JIBU: Mtandao una sehemu yake, lakini inaelekea tatizo kubwa ni njia mliyotumia kuunganisha mashine mbili. Njia ya zamani husubiri taarifa ya mpinzani ifike ndipo fremu inayofuata ionyeshwe, na taarifa ikichelewa, wote wawili wanangoja. Njia bora ni ile ambayo wachezaji huiita rolibaki. Mashine haingoji, hukisia kwamba mpinzani ataendelea na kitufe alichokuwa amebonyeza, huonyesha matokeo, na ikigundua kuwa ilikisia vibaya, hurudi fremu chache nyuma, husahihisha na kukimbilia mbele tena haraka sana. Mara nyingi makisio huwa sahihi, kwa kuwa hata mchezaji mwepesi habadilishi vitufe katika kila fremu kati ya zile 60.

Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, mashindano ya michezo ya kupigana, alitengeneza programu ya GGPO kwa ajili ya kazi hiyo, na tangu mwaka 2019 msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Ila sharti lake ni zito: mchezo wenu lazima uweze kuhifadhi hali yake yote katika kila fremu na kuirejesha bila kosa, tena mashine mbili zikipewa vitufe vilevile zitoe matokeo yaleyale. Matokeo ya nasibu yasiyodhibitiwa yatawaharibia. Ndiyo maana kazi hii haiahirishwi mpaka mwisho. Nawasihi msimamishe uchoraji na mlimalize suala hili kwanza, kwa sababu wapinzani wengi wa mashabiki wenu watakuwa mbali nao.

SWALI: Je, mazimwi sita yanatosha kuanzia?

JIBU: Yanatosha, na kwa watu watatu ni mengi. Skullgirls, mchezo wa kupigana wa watengenezaji wa kujitegemea uliotoka mwaka 2012, ulianza na wapiganaji wanane, nao ulikuwa na kikosi kikubwa kuliko chenu. Mwaka uliofuata watengenezaji wake waliomba umma mchango wa dola 150,000 kwa ajili ya mpiganaji mmoja, Squigly, ambaye ni maiti aliyefufuka. Wapo walioshangaa kiasi hicho, lakini mapokezi yalikuwa makubwa na michango ikapita dola 800,000. Uhuishaji wa kuchorwa kwa mkono hudai mamia ya michoro kwa kila mhusika, kisha kuna sauti, muziki na majaribio, na kila mpiganaji mpya lazima apimwe dhidi ya wote waliotangulia.

Kwa hiyo ningewashauri mtoe wanne: kiumbe wa Frankenstein, Dracula, mtu asiyeonekana na mtu-mbwamwitu. Mumia asubiri mpaka hao wanne walingane kwa nguvu, maana bendeji zake zitataka mapigo ya mbali, na mapigo ya mbali yakiongezwa mapema yatawavurugia vipimo vya wengine wote. Kiumbe wa majini mtakayembuni wenyewe aje baada yake.