Shemeji hataki kuvalisha abiria jaketi okozi

Dada, umesema shemeji yako anavusha abiria kwa mtumbwi, na kila mkibishana kuhusu jaketi okozi anakujibu kwamba mtu mzima ana hiari yake, serikali isimchagulie. Pole. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kulichukulia jambo hili kama ubishi wa kijiweni.

Mkumbushe MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Kivuko cha kubeba watu 101 kilipinduka jirani kabisa na gati la Bwisya, kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, nchi kavu ikionekana. Waliofariki ni 228. Je, abiria aliyepanda siku ile alichagua idadi ya wenzake? Hiari yake ilikuwa wapi? Na majini mtu hazami peke yake, humshika aliye karibu.

Ila msikilize pia, maana ana hoja moja ya kweli ambayo huenda haisemi waziwazi: akiwavalisha jaketi na kupunguza watu yeye peke yake, abiria watahamia mtumbwi wa jirani unaojaza na kuondoka haraka. Hapo ndipo sheria inapomlinda hata yeye, kwa sababu inawabana wote. Mwambie hivyo.

Usimbane mbele ya mabaharia wake, atakaza shingo tu. Mfuate mwaloni akishashusha abiria, muulize jaketi ngapi zimepungua, hasa za watoto. Kama unaweza, changia mbili za kuanzia.