Kwa nini pengo la 6 linazipita 2 na 4?

SWALI: Nimeorodhesha namba tasa hadi 1,000, kisha nikatafuta tofauti ya kila mbili zinazofuatana. Hadi 100 pengo la 2 linaongoza, lakini hadi 1,000 linaongoza 6. Kuna sababu, au ni bahati tu? Tena kati ya 47 na 53 nimepata 2, 2, 2 mfululizo. Mwenzangu anasema haiwezekani.
Mwanafunzi wa kidato cha 5, Mbale

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. 49 ni 7 × 7, na 51 ni 3 × 17. Zifute, na kutoka 47 hadi 53 litabaki pengo moja la 6. Namba tatu zilizoachana kwa 2, mojawapo lazima igawanyike kwa 3, ndiyo maana 2, 2 hutokea mara moja tu: 3, 5, 7. Ila kipimo hiki hakinasi kila kosa. 91, ambayo ni 7 × 13, hupenya kimyakimya. Futa vigawe vya kila namba tasa kuanzia 2 mpaka 31, ila usiifute yenyewe. Ya 37 huihitaji, maana 37 × 37 ni 1,369.

Sasa hiyo 6, na hapa ndipo penye utamu. Chora safu 6 kwenye daftari, uandike 1 hadi 6 mstari wa kwanza, 7 hadi 12 wa pili, na kuendelea. Safu za 2, 4 na 6 ni za shufwa. Ya 3 ni ya vigawe vya 3. Basi, ukiacha 2 na 3 zenyewe, namba tasa zote hukaa safu ya 1 au ya 5. Kutoka safu ya 5, pengo la 2 linakupeleka safu ya 1, lakini la 4 linakutupa kwenye vigawe vya 3. Kutoka safu ya 1 ni kinyume chake. Pengo la 6 hukurudisha safu uliyotoka, kwa hiyo lina milango miwili, wenzake mmoja mmoja.

Mbona basi 2 inaongoza hadi 100? Huko namba tasa zimesongamana, na pengo la 6 hukatizwa na namba tasa iliyo katikati. Kadiri zinavyopungua, 6 hupata nafasi.

Orodha safi ina namba tasa 168 na mapengo 167: 35 ya 2, 40 ya 4, 44 ya 6. Jumla ya mapengo yote ni 995, yaani 997 kutoa 2; isipofika hapo, umekosea kutoa.

Mwaka 1999 wanahisabati Odlyzko, Rubinstein na Wolf walikadiria kwamba 6 itapitwa na 30 kwenye namba zenye tarakimu 36 hivi. Hilo bado halijathibitishwa. Hata kwamba pengo la 2 halikomi hakuna aliyethibitisha. Mwanahisabati Yitang Zhang alionyesha mwaka 2013 kwamba kuna pengo lisilozidi 70,000,000 linalojirudia bila mwisho, na mwaka uliofuata kikomo hicho kikashushwa hadi 246.