Maswali ya Wasomaji: Mbona mjukuu wangu ni Fernández Mwangi?

SWALI

Binti yangu aliolewa huko Oviedo, Uhispania, na mwezi uliopita alijaliwa mtoto wa kiume. Amenitumia picha ya cheti cha kuzaliwa kwa simu. Majina ya ukoo ya baba mtoto ni Fernández López. Mtoto ameandikwa Fernández Mwangi, na Mwangi ni jina la marehemu mume wangu. Binti mwenyewe bado anaitwa Mwangi, hakuchukua la mumewe. Wenzangu wa chama wananiuliza kama kweli kuna ndoa, kwa sababu huku kwetu mtoto akiitwa kwa upande wa mama watu hujua baba hayuko. Tafadhali nieleze. Pia nataka kujua Fernández ni jina gani. Zamani tukikaa mtaa wa Pangani hapa Nairobi tulikuwa na jirani Mgoa aliyeitwa Fernandes. Je, ni ukoo mmoja? Na linatamkwaje, nisije nikaaibika mbele ya wakwe?

Cucu wa Umoja, Nairobi

JIBU

Hongera kwa kupata mjukuu, Cucu. Waambie wenzako wa chama kwamba cheti hicho hakina dosari hata moja.

Nimefasiri vyeti vya Kihispania hapa mjini kwa miaka mingi, na kila kimoja kina sehemu mbili za jina la ukoo. Moja imeandikwa primer apellido, la kwanza, na nyingine segundo apellido, la pili. Kwa desturi la kwanza hutoka kwa baba na la pili kwa mama. Mkwe wako ni Fernández kwa baba yake na López kwa mama yake. Yeye akampa mwanawe Fernández, binti yako akampa Mwangi. Kule mtoto ambaye hakukubaliwa na baba ndiye hubeba majina yote mawili ya mama yake. Wako ana moja kutoka kila upande, kwa hiyo kila afisa anayesoma karatasi hiyo anaona wazazi wawili.

Kuhusu binti yako kubaki Mwangi, asilaumiwe. Mwanamke wa Kihispania haachi jina lake anapoolewa. Mama mkwe wake, huyo aliyeleta López, alizaliwa López na atazikwa López. Hakuna anayemwona kama mke nusu.

Sasa Fernández. Maana yake ni mwana wa Fernando. Ile -ez ya mwisho inafanya kazi ya "bin" yetu: Rodríguez ni wa Rodrigo, González wa Gonzalo, López wa Lope, na Lope asili yake ni neno la Kilatini la mbwa-mwitu. Fernando lilikuja na Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Uhispania mpaka Waislamu walipovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711. Nusu ya pili ya jina hilo inahusu ujasiri. Nusu ya kwanza wataalamu bado wanaibishania: wengine husema ni amani, wengine safari.

Hapo zamani jina la namna hii halikurithiwa, lilibadilika kila kizazi, na hili ndilo jambo ninalopenda sana kuwaeleza watu. Chukua watawala wa Castilla, eneo la kaskazini-kati mwa Uhispania, katika karne ya 10. Gonzalo Fernández alimzaa Fernán González. Huyu Fernán ni mtu mkubwa katika historia yao, alikufa mwaka 970. Mwanawe aliitwa García Fernández. Ona jinsi majina yanavyopishana: babu ni Fernández, mwana ni González, mjukuu ni Fernández tena, na wote ni damu moja. Mzee yeyote wa Kikuyu kule Murang'a angeufuata mlolongo huo bila kuandikiwa, kwa kuwa Kamau wa Njoroge naye humzaa Njoroge wa Kamau. Baadaye, kadiri Enzi za Kati zilivyoelekea ukingoni, majina yakaganda: mtu akawa Fernández kwa sababu baba yake alikuwa Fernández, hata kama hakukuwa na Fernando yeyote nyumbani.

Ndiyo maana nakuambia bila wasiwasi kwamba Fernández si ukoo mmoja. Kila kijiji kilichokuwa na Fernando kingeweza kuzaa Fernández wake, na akina Fernando walikuwa wengi, maana ni jina la wafalme. Fernando wa Tatu aliteka Córdoba mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248, na Kanisa likamtangaza mtakatifu. Leo Uhispania ina karibu watu 900,000 ambao jina lao la kwanza la ukoo ni Fernández. Linaloongoza nchini ni García, lakini Asturias, jimbo ambalo Oviedo ndiyo mji mkuu wake, ni ngome ya akina Fernández. Binti yako ameolewa kwenye ngome yenyewe.

Hernández nalo ni jina hilo hilo. Katika Kihispania cha Castilla f ya mwanzo ilififia ikawa h, na baadaye hata h yenyewe ikaacha kusikika. Kwa hiyo Fernando akawa pia Hernando, na kwa kifupi Hernán, kama Hernán Cortés aliyeiteka Mexico. Huko Mexico sasa Hernández ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote, na kama unatazama tamthilia zao jioni umelisikia mara nyingi.

Jirani yako wa Pangani ana historia nyingine kabisa. Fernandes yenye s ni ya Kireno. Wareno waliitwaa Goa, kwenye pwani ya India, mwaka 1510 wakakaa hadi 1961, na wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi la padri au la msimamizi wa ubatizo. Ndivyo Nairobi ilivyopata akina Fernandes, Rodrigues na Pinto, watoto na wajukuu wa Wagoa waliokuja kufanya kazi ya ukarani, ushonaji na upishi enzi za ukoloni. Shina la jina ni moja, damu si moja.

Mambo machache ya kuangalia. Wakati wa kumtafutia mtoto karatasi za Kenya, na anastahili, kwa sababu Katiba ya 2010 inamtambua mtoto wa Mkenya kuwa raia wa kuzaliwa popote alipozaliwa, majina yote mawili yaandikwe pamoja kwenye nafasi ya jina la ukoo. Fernández lisisukumwe likawa jina la katikati. Nilimsindikiza mhandisi mmoja Mhispania kwenye kliniki moja hapa Nairobi, akaketi asubuhi nzima bila kuitwa. Karani alikuwa akiita jina la mwisho kwenye fomu, lile la mama yake, naye mgonjwa alikuwa ametega sikio asikie la baba. Kile kialama juu ya "a" kikikosekana kwenye mashine zetu si neno, mradi tahajia iwe ile ile kwenye pasi, tiketi na cheti.

La Mwangi nalo, ujue mapema kwamba kwa desturi haliendi mbali. Mjukuu wako akizaa atawapa wanawe Fernández, na Mwangi litaishia kwake. Lakini sheria yao imelegea. Tangu 1999 wazazi wanaweza kukubaliana kulitanguliza la mama, na tangu 2017 la baba halitangulii lenyewe: wazazi huulizwa mpangilio wanaoutaka. Mtoto naye akifika utu uzima anaweza kuomba yageuzwe. Ila ndugu wa tumbo moja lazima wafuate mpangilio mmoja, kwa hiyo mtoto atakayefuata pia ni Fernández Mwangi. Akiwa mvulana, ninyi Wakikuyu mnajua mvulana wa pili humrudisha baba ya mama. Binti yako akitaka ataomba aitwe Mwangi Fernández Mwangi, nami ningefurahi sana kukifasiri cheti hicho.

Kulitamka si kazi. Kaza sauti katikati, kwenye "nan". Huko Oviedo z ya mwisho hutoka kama th ya thelathini: Fer-NAN-deth. Ukikutana na mtu wa Mexico, atasema s.