Hana homa, lakini anaumwa: kwa watarajali wapya wa wodi za ndani

Madaktari watarajali wapya, karibuni Mwanza. Mnawahi kazini, mafaili yenu yanasomeka, na wagonjwa wanawapenda. Ila kwenye ripoti ya asubuhi nimeanza kusikia tena yaleyale niliyoyasikia kwa waliowatangulia. "Ni bibi wa miaka sabini na kitu, hana homa, chembe nyeupe za damu kawaida, hatukuona maambukizi." Halafu: "Mama ana mwili mzuri, kinga yake iko vizuri." Hizo kauli mbili zimeshatugharimu wagonjwa. Naomba tuziache mapema, kabla hamjazizoea.

1. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa.

Katika kila wazee 100 wenye maambukizi makali, kati ya 20 na 30 hawapandishi joto la kueleweka. Homa ni kazi ya mwili. Seli za kinga zitoe interlukini na TNF, kemikali za kupiga kengele, ujumbe ufike kwenye ubongo, mishipa ya ngozi ibane, misuli itetemeke. Kwa mzee kila hatua hapo imepungua nguvu, na misuli yenyewe imekwisha. Joto lake la siku zote nalo huwa la chini. Kwa hiyo 37.8 tayari ni homa, na likipanda nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida mchukulie kuwa ana homa, hata kama namba haikutishi.

Kuna bibi mmoja wa Ukerewe sitamsahau, kituo sikitaji. Alivuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, ameshikwa mkono na mjukuu wake, kijana anayebeba magunia ya dagaa soko la Mwaloni. Kijana alieleza vizuri: bibi hali chakula tangu juzi, na tangu jana anamwita yeye kwa jina la babu aliyekwishafariki. Daktari aliyewapokea alikuwa mpole kabisa. Akamwamkia, "Shikamoo bibi," bibi akatazama ukutani. Joto 36.6. mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, hasi. FBP, kipimo cha chembe za damu, ikarudi na chembe nyeupe elfu nane, idadi ya kawaida. Faili likaandikwa "uzee", bibi akapewa dripu moja na vitamini, wakaruhusiwa.

Nililisoma faili lile baadaye. Kwenye safu ya upumuaji kulikuwa na 18, na wagonjwa wote wa asubuhi ile, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, walikuwa na 18. Hakuna aliyehesabu. Walilala kwa ndugu huko Kirumba, na usiku wa manane mjukuu akamrudisha kwa bajaji: presha 70 kwa 40, mikono ya baridi, anapumua mara 36 kwa dakika. Picha ya kifua ilionyesha nimonia chini ya pafu la kulia. Oksijeni ikawekwa, antibaiotiki ikaanza, maji yakaingia, na kabla hapajakucha akafariki. Mjukuu akauliza mbona mchana walimpima wakamwambia mzima. Daktari kijana alisimama na lile faili mkononi akirudia, "Lakini hakuwa na homa."

Bibi alikuwa ameonyesha kila dalili aliyoweza kuionyesha: amechanganyikiwa ghafla, amekataa chakula, anahema. Basi hesabuni pumzi dakika nzima, saa mkononi. 22 na kuendelea itakushtua, namba ya juu ya presha ikiwa 100 au chini ikushtue, na akili iliyobadilika ghafla ikushtue zaidi. Muulize anayeishi naye: "Alikuwa hivi wiki iliyopita?" Akisema hapana, huo si uzee. Tafuta kifua, mkojo, malaria, kidonda cha mgongoni.

2. Chembe nyeupe za kawaida kwa mzee hazifuti maambukizi.

3. Mjue kinachozeeka.

Thaimasi, ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, husinyaa kuanzia ujana, na uzeeni sehemu kubwa yake ni mafuta. Seli T mpya, askari wa kinga wanaokomalia humo, zinakuwa chache, mzee anaegemea zile zilizowahi kupigana zamani. Mdudu mgeni anamkuta hana jeshi la kumfaa. Tuliliona hilo wakati wa korona. Hata adui wa zamani hutoroka: kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye neva tangu utotoni kinaibuka kuwa mkanda wa jeshi. Hapa kwetu mkanda wa jeshi unatupeleka kwenye kipimo cha VVU, na ni sawa, mpimeni. Majibu yakiwa hasi kwa mzee wa miaka 75, yaaminini, wala msianze kumtazama mkewe vibaya.

Wakati huohuo mwili wake hautulii. CRP na interlukini-6, alama za uchochezi kwenye damu, zinakaa juu kidogo siku zote, kama jiko la mkaa lililoachwa likifuka usiku kucha. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliieleza hali hii kuwa sehemu ya kuzeeka. Kinga ya mzee inachelewa kwa adui na bado inamchosha mwenyewe.

4. Unene si akiba ya kinga.

Najua tulikotoka. Kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa mtu akikonda watu walinong'ona, akinenepa wakasema kapona. Lakini mafuta ya mwilini yanafanya kazi. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, na mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakaonyesha jinsi makrofaji, seli za kinga zinazomeza wadudu, zinavyojazana ndani ya mafuta ya mtu mnene. Ni moshi uleule wa mzee, kwa mtu wa miaka 35. Kwenye mafua ya H1N1 ya mwaka 2009 unene ulijitokeza kuwa hatari yenyewe, hata kwa wasio na ugonjwa mwingine.

Mama mnene anayekohoa wiki tatu mnampa dawa ya kikohozi kwa sababu mnangoja TB ya mtu aliyekonda. Kweli, unene peke yake hauleti TB. Kisukari kinachofuatana nao ndicho kinachoongeza hatari, karibu mara tatu. Utafiti wa hapahapa Mwanza uliochapishwa 2011 ulikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa wa TB, dhidi ya 9.4 ya wasio nayo. Pimeni makohozi, pimeni sukari, siku hiyohiyo. Na kiuno mkipime faragha, si mbele ya foleni. Mwanamke aliyeaibishwa mbele za watu harudi kliniki.

5. Ninyi wenyewe.

Chanjo ya homa ya ini B hushika vibaya zaidi kwa wanene, wavuta sigara na waliopita miaka 40. Wenye mwili mkubwa, mwanamke zaidi ya kilo 90, mwanaume zaidi ya 118, mwombeni sista sindano ya milimita 38, maana ile ya 25 huishia kwenye mafuta bila kufika kwenye msuli wa bega. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu pimeni kingamwili, ifike 10 mIU/ml au zaidi. Nileteeni majibu kabla sijawapanga zamu za dharura.