Istilahi anazijua zote, mtihani unamshinda: ninunue kitini kingine?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu yuko darasa la saba, Morogoro. Istilahi za Sayansi na Teknolojia anazitaja bila kusita: tungamo, uzito, jotoridi, kani, usanisinuru. Hata umwamshe usiku wa manane atakusomea maana zake. Ajabu, mtihani wa majaribio amerudi na alama 19 kati ya 50. Kuna kijana anauza kitini cha istilahi 500 anazosema “hutoka kila mwaka”. Nimnunulie?

Jibu: Usinunue, mzazi. Mtoto anayetaja maana za maneno kama maji na bado anaanguka hana njaa ya maneno mengine 500. Yale aliyonayo hajui yanapimwaje wala nini huyabadilisha, na mtunga mtihani huchimba hapohapo. Hamuulizi “tungamo ni nini?” Anamwambia mtu amesafiri kutoka duniani hadi mwezini, kisha anamuuliza kipi kimepungua.

Nianze na hilo la tungamo na uzito, maana vitini ndipo vinapoharibu zaidi. Sokoni, buchani na kliniki wote tunasema “uzito wa kilo kadhaa”, na hakuna ubaya; muuza nyama hafanyi mtihani wa taifa. Ubaya ni mtu anayejiita mtaalamu kuchapisha hivi: “Uzito ni kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, nao hupimwa kwa kilogramu.” Sentensi moja, makosa mawili, na mtoto amelipishwa ili aikariri.

Kiasi cha maada, yaani kile ambacho kitu kimeundwa nacho, ni tungamo. Kizio chake ni kilogramu, na hupimwa kwa mizani ya pande mbili, mzigo huku na mawe kule. Uzito ni kani, yaani nguvu ambayo dunia inalivuta tungamo hilo. Kwa kuwa ni kani, kizio chake ni nyutoni na chombo chake ni mizani ya springi. Hapa duniani kila kilogramu huvutwa kwa takriban nyutoni 10. Mtu wa kilogramu 60 basi ana uzito wa nyutoni 600. Mwezini kila kilogramu huvutwa kwa takriban nyutoni 1.6 tu, kwa hiyo uzito wake unashuka hadi nyutoni 96, lakini kilogramu zake zinabaki 60.

Sasa mpe binti yako swali hili: tukizipeleka mizani zote mbili mwezini, ipi itabadili majibu? Ya springi itasoma kidogo, kwa sababu springi hunyooshwa na kani, na kani imepungua. Ya mawe itatoa kilogramu zilezile, kwa kuwa mwezi unavuta mzigo na mawe kwa kiwango kimoja, na mizani inabaki sawa. Akieleza sababu hiyo kwa maneno yake mwenyewe, tungamo na uzito amevimaliza. Akikusomea tena ile maana ya kitini, bado.

Joto na jotoridi wanakwama kwa namna ileile. Kikombe cha chai cha nyuzi 90 kina jotoridi kubwa kuliko ndoo ya maji ya kuoga ya nyuzi 40, na wengi huhitimisha kwamba kikombe ndicho chenye joto jingi. Fanyeni hesabu. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 (jouli ni kizio cha nishati) kupanda nyuzi moja. Kikombe cha robo lita kilichotoka nyuzi 25 hadi 90 kimepokea jouli 68,250. Ndoo ya lita 20 iliyotoka 25 hadi 40 imepokea jouli 1,260,000, zaidi ya mara 18. Themometa inaonyesha jotoridi; joto ni nishati, na kiasi chake kinategemea pia wingi wa maji. Mkaa ulioteketea kuchemsha kila kimoja ni ushahidi wa kutosha.

“Kazi” nayo: kubeba ndoo ya kilo 20 umesimama tuli nusu saa ni taabu tupu, lakini kisayansi hujaifanyia ndoo kazi, kwa kuwa kazi ni kani mara umbali uliosogea kuelekea kani inakoelekea. Kuiinua mita moja ni jouli 200.

Kuna mtego mwingine ambao kukariri hakuupiti kabisa. Lenzi mbinuko, yaani iliyovimba katikati, hukusanya miale ya mwanga. Kioo mbinuko huitawanya. Mtoto aliyekariri kwamba “mbinuko ni kukusanya” atapata swali la lenzi na kukosa la kioo cha pembeni mwa gari. Lenzi hupitisha mwanga na kuupinda, kioo huurudisha. Ndiyo maana umbo moja linaleta matokeo yanayopingana.

Na tafadhali mfutie ile ya “mimea hufanya usanisinuru mchana, hupumua usiku”. Mimea hupumua saa zote 24. Usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, ndio unaosubiri mwanga.

Mnunulie daftari la kawaida. Kila istilahi inayopimika aiandikie kizio, chombo cha kupimia, na kitu kinachoifanya iongezeke au ipungue. Zisizopimika, kama usanisinuru, aandike kinachoingia, kinachotoka, unafanyikia wapi, na nini hutokea sharti moja likikosekana. Maneno kumi kwa wiki yanatosha. Siku ya kumpima, mtajie kizio au chombo, yeye ataje istilahi. Ukianza na istilahi atakusomea shairi.

Hao wauza “zinazotoka kila mwaka” wanacheza na hofu ya wazazi. Mada hurudi kila mwaka kwa sababu ziko kwenye muhtasari wa somo, siyo kwa sababu kijana wa vitini ana siri. Swali lenyewe hubadilishwa: mwaka huu mkasi, mwaka ujao toroli, na aliyekariri “wenzo daraja la kwanza ni mkasi” bila kujua kwamba egemeo (pale wenzo unapozungukia) lipo kati ya jitihada (nguvu unayoweka) na mzigo hataliona jibu la toroli, ambako mzigo ndio uko katikati. Wabaya zaidi ni wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza “karatasi yenyewe”. Mara nyingi ni karatasi ya kughushi. Ikiwa ya kweli, huo ni udanganyifu, na Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya watahiniwa waliohusika. Mtoto ndiye anayebaki bila cheti, muuzaji ameshabadili laini.

Ile karatasi ya alama 19 usiitupe. Kaeni nayo, na kwa kila swali alilokosa mwambie aeleze kwa nini jibu sahihi ni sahihi, kisha kwa nini kila herufi iliyobaki si sahihi. Anapokwama kwenye herufi fulani, neno lililomo humo ndilo la kuingia kwenye daftari wiki hiyo.